Olinwani au uunde desktopu yako mwenyewe? Amua hivi kabla hujatoa hela

Watu wengi wakitaka kompyuta ya mezani wanaanza na ipi ina spidi au ipi inapendeza ukiiweka mezani, na muuzaji anafurahi sana ukianza hivyo maana hapo majibu anayo tayari. We anza na swali lingine: siku kitu kimoja kikifa, nabaki na nini? Ukilijibu hilo kwa ukweli bila kujidanganya, kazi kubwa umeshaimaliza, yaliyobaki ni kupatana na mfuko wako.

Nikisema olinwani namaanisha zile ambazo kwenye boksi wameandika All-in-One, kila kitu kimefichwa nyuma ya kioo, hakuna lile kasha la chini ya meza ambalo mtaani tunaliita CPU. Unachomeka waya mmoja wa umeme, kibodi na mausi, umemaliza. Na kuunda mwenyewe ni pale unaponunua prosesa (ubongo wa mashine), mazabodi (bodi kubwa inayounganisha vyote), RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea), SSD (diski ya kisasa ya kuhifadhia mafaili), pawa saplai na kesi kimoja kimoja, alafu unakaa chini na bisibisi unaviunganisha au unamlipa fundi aviunganishe we ukiwa umesimama pembeni unaangalia.

Olinwani kwa ndani ni laptopu

Ukiufungua mgongo wa olinwani za ofisi zinazoingia nchini zikiwa used, zile HP EliteOne, HP ProOne, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre, utakuta RAM ni zile fupi za laptopu, feni ni ile bapa ya laptopu, na baadhi zinakula umeme kwa adapta ya nje, chaja kabisa kama ya laptopu. Sio vibaya, ila ujue unachonunua ni kitu gani. Hata prosesa usidanganyike na jina, kwa mfano i5-8500 na i5-8500T zote ni kizazi cha 8 na zote zina kore 6, lakini hiyo ya kwanza imepangiwa Wati 65 na inaanzia GHz 3.0, yenye T mwishoni imepangiwa Wati 35 na inaanzia GHz 2.1. Kwenye Word na Excel hutaona tofauti yoyote. Kwenye kurenda, yaani kutoa faili la mwisho la video ya harusi ya masaa mawili utaiona vizuri sana.

Sasa rudi kwenye lile swali. Desktopu ya kawaida monita ikipasuka unaazima ya jirani au unachomeka TV ya sebuleni kwa HDMI, kazi inaendelea mchana huohuo. Pawa saplai ikiungua unanunua nyingine dukani, yoyote ya saizi hiyo, misumari minne tu imerudi. Olinwani kioo kikifa kazi imesimama, ila hapa wasikutishe kupita kiasi maana nyingi zina tundu la kutoa picha, unaweza ukasukuma siku mbili tatu na monita ya kuazima. Shida hasa iko upande wa pili: mazabodi ikifa, kile kioo kizuri cha inchi 24 ambacho hakina tatizo lolote kinageuka kuwa pambo, sababu olinwani nyingi hazina tundu la kupokea picha kutoka kwenye kompyuta nyingine. Chache zinalo, limeandikwa HDMI-IN, ukiipata yenye hilo ihesabie pointi.

Alafu kuna suala la spea. Mazabodi ya desktopu ya kuunda ina vipimo vya dunia nzima, kiwango cha ATX kipo tangu 1995 na Intel ndio walikitoa, ile microATX ni milimita 244 kwa 244, so kesi ya mwaka huu inaingia bodi ya miaka kumi iliyopita bila ugomvi. Mazabodi ya olinwani imekatwa kwa ajili ya modeli hiyo moja tu. Ikifa unatafuta olinwani nyingine ya modeli hiyohiyo iliyopasuka kioo uichinje, na ukiwa Dar au Nairobi unaweza ukabahatisha, ukiwa Sumbawanga au Lodwar utasubiri sana.

Nani achukue olinwani

Pamoja na hayo yote kuna watu nikisikia wanataka kuunda mashine nawaambia waache, wachukue olinwani.

Mfano ni mwenye stesheneri karibu na chuo. Kaunta yenyewe ni ya kusimama upande upande, kuna fotokopi, kuna printa, kuna mashine ya kulaminati, na wanafunzi wanajaa kipindi cha maombi ya mkopo wa HESLB au watu wa Ajira Portal siku ya mwisho ya tangazo. Kazi zote hapo ni brauza, Word, PDF na kuskani vyeti. Hakuna kitu kizito. Olinwani inakupa kaunta yenye nafasi, waya chache za kukanyagwa, na hakuna kasha chini linalovuta vumbi la miguuni. Mapokezi ya zahanati hivyohivyo, ofisi ya mhasibu mmoja hivyohivyo.

Mwingine ni nyumbani, hasa kama mtumiaji ni mama au mzee ambaye anataka kuongea na wajukuu walioko Muscat au Minneapolis. Kamera ipo, maiki ipo, spika zipo, vyote vimekuja navyo. Desktopu ya kuunda haina hata kimoja kati ya hivyo, utanunua kamera pembeni, spika pembeni, na waya zake, na kila wiki utapigiwa simu kwamba sauti haitoki.

Ila ichukue kwa masharti. Prosesa iwe kizazi cha 8 kwenda juu, na kizazi unakisoma kwenye namba baada ya kistari, i5-8500 ni cha 8, i5-10500 ni cha 10, i5-6500 ni cha 6. Sababu sio sifa, ni kwamba Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 na kuendelea au Ryzen kuanzia familia ya 2000, pamoja na kitu kinaitwa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ndani ya mashine. Ndio maana sokoni saivi EliteOne 800 G3 ziko bei ya kuvutia, hizo ni kizazi cha 6 na cha 7, maofisi ya Ulaya yanazitoa kwa mkupuo. G4 ndio inaanzia kizazi cha 8. Kwa Dell, OptiPlex 7460 ndio ya kizazi hicho. Fundi anaweza akakulazimishia Windows 11 kwenye G3 na ikawaka vizuri tu, lakini apdeti kubwa zikija Microsoft hawajaahidi kwamba zitaingia, na ofisini kwako unaweka hela za watu.

RAM iwe GB 8 na iwe na nafasi ya pili wazi, na lazima iwe SSD. Hadidiski ya kuzunguka inasoma kwenye MB 100 mpaka 150 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inagusa 550, ile ya NVMe (SSD ndogo bapa inayochomekwa kwenye bodi moja kwa moja) hata ya zamani kidogo inafika kama 3,500. Mashine ileile moja, ukitoa diski ukaweka SSD, inakuwa kama umenunua nyingine.

Na olinwani mpya kabisa zisizo na jina, boksi linang'aa, limeandikwa i7 kwa herufi kubwa, hizo mi nakaa nazo mbali. Unaweza ukafungua ukakuta i7 ya laptopu ya kizazi cha 3 au cha 4, au chipu ndogo za Wati 6. Uliza namba kamili ya prosesa, sio i ngapi. Muuzaji akisema "ni i7 tu bosi, ina nguvu", unashukuru unaendelea na safari.

Kukagua olinwani used ukiwa dukani

Hapa usione aibu, kaa dukani hata nusu saa. Nenda na flashi yako, simu yenye data na kebo ya HDMI.

Washa, na kabla Windows haijaja ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe, HP ni F10, Dell ni F2, Lenovo ni F1. Ikikuomba paswedi na muuzaji haijui, iache hapohapo, maana hizi mashine zinatoka kwenye makampuni na kuna zingine zimefungwa na wenyewe, siku ukipiga Windows mpya ukiwa na intaneti inakuletea ukurasa wa kampuni ya watu huko Uingereza inataka barua pepe ya mfanyakazi. Ndio maana mi napenda muuzaji apige Windows mbele yangu, iunganishwe na hotspoti ya simu, nione inafika kwenye dawati bila kuuliza maswali ya ajabu.

Ikishawaka bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone imeandika 2.0. Rudia, andika msinfo32, usome jina kamili la prosesa. Alafu fungua programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, weka kwenye flashi kabisa kabla hujatoka nyumbani, itakwambia SSD imetumika masaa mangapi na afya yake asilimia ngapi. Diski yenye masaa elfu 30 sio kwamba imekufa, ila ni hoja ya kushusha bei.

Kioo sasa, hiki ndicho kitu cha gharama kuliko vyote hapo. Weka picha nyeupe tupu ijae kioo kizima, alafu nyeusi, alafu nyekundu, kijani, buluu. Kwenye nyeupe unatafuta mabaka ya njano pembeni na vivuli, kwenye nyeusi unatafuta mwanga unaovuja kwenye kona na vidoti vinavyowaka peke yake. Zima taa ya duka kama wanakuruhusu. Kidoti kimoja pembeni sio kesi, mstari hata kama ni mwembamba vipi ni kesi, leo mmoja kesho watatu. Kama kioo ni cha kugusa, fungua programu ya kuchora alafu pitisha kidole kutoka kona hadi kona, mstari ukikatika sehemu ileile kila mara hapo pamekufa.

Baada ya hapo fungua video ya YouTube ya 1080p, iache iende dakika 20 huku we unachunguza matundu. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB moja baada ya lingine. Chomeka HDMI kwenye TV ya dukani uone picha inatoka. Washa kamera, jirekodi uongee, jisikilize. Gusa mgongo juu pale hewa inapotokea, joto ni kawaida ila feni ikiwa inapiga kelele muda wote na video moja tu, ndani kumejaa vumbi au pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni yake) imekauka, mwambie asafishe ndio ulipe. Angalia stendi, zingine zinakuja hazina miguu na wanakuambia utaninginiza ukutani, sawa inawezekana kama ina matundu manne ya kufungia, lakini bano lenyewe unanunua. Na kama inatumia adapta ya nje, iwe ya kampuni yenyewe, Wati zilizoandikwa kwenye adapta zilingane na zile mashine inazotaka, ukipewa ndogo itawaka vizuri dukani alafu nyumbani ikipewa kazi inajizima.

Kuhusu iMac, maana najua utauliza. Nzuri, kioo chake hakina mpinzani, ila tangu ile ya inchi 24 yenye chipu ya M1 ya 2021 RAM imekaa kwenye chipu yenyewe, uliyonunua ndio uliyonayo mpaka mwisho, na huwezi kuitumia kama monita ya kompyuta nyingine kwa waya. Zile za zamani za inchi 27 mpaka ya 2020 zilikuwa na kimlango nyuma cha kuongezea RAM. Kama unaitaka Mac ya mezani na unaogopa hilo la kupoteza kioo, chukua Mac mini uweke na monita yako, umebaki na kioo mkononi siku ikifa.

Umeme

Hapa olinwani inashinda na watu hawaizungumzii. Ya ofisi ikiwa kazini inakula kama Wati 50, masaa 10 ni nusu yuniti ya LUKU. Desktopu ya ofisi na monita yake weka Wati 80 au 90, karibu yuniti moja kwa siku. Mashine ya gemu ikiwa imebanwa, na grafiksi kadi yake (kadi ya kuchakata picha), Wati 350 ni jambo la kawaida, masaa matatu tu yuniti moja imeondoka.

Faida yake kubwa unaiona ukinunua UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika. Namba iliyoandikwa mbele, 650VA, sio Wati, kwa UPS ndogo zidisha na 0.6 upate kama Wati 390. Olinwani ya Wati 50 hapo unapata muda mzuri wa kusevu na hata kumalizia fomu ya mteja. Mashine ya gemu ikiwa kazini UPS hiyohiyo inapiga kelele na baada ya muda mfupi inazima. Ila nakuomba, printa ya leza au fotokopi usiichomeke kwenye UPS, ile inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS haikutengenezwa kwa hiyo kazi.

Adapta za olinwani mara nyingi zimeandikwa 100-240V, umeme ukilegea jioni hazijali sana. Pawa saplai za bei chee za desktopu hazina huo uvumilivu, na zingine zina kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230. Kabla hujachomeka hakikisha kiko 230. Kikiwa 115 na umeme wetu huu, utasikia mlio mmoja, harufu, basi.

Nani aunde, na anaanzaje

Unaunda kama kazi yako inakua. Unaediti video kwenye Premiere au DaVinci Resolve, unachora majengo na unarenda na Lumion, unacheza gemu, unafanya muziki na kila mwezi unaongeza programu. Hapo olinwani itakukwamisha, sio kwa sababu ni mbovu ila kwa sababu huwezi kuichomekea grafiksi kadi, na programu kama Lumion na Resolve zinaegemea kwenye hiyo kadi kuliko kitu kingine chochote. Na kuna raha ya kununua kidogo kidogo, mwaka huu prosesa na RAM, mwakani kadi.

Anza na prosesa, bodi itafuata. Kwa mtu asiye na hela ya grafiksi kadi leo, Ryzen 5 5600G ya 2021 bado ni chaguo langu la kwanza, kore 6, Wati 65, na ina grafiksi yake ndani inayobeba gemu nyepesi. Ukitaka Intel, i3-12100 ya 2022, usiidharau kwa sababu ya i3, inaizidi i7-7700 ya 2017 ambayo bado watu wanaiuza kwa majigambo. Mtego uko kwenye herufi: Intel yenye F mwishoni kama i3-12100F haina grafiksi kabisa, na Ryzen 5 5600 isiyo na G nayo hivyohivyo. Utaunganisha kila kitu, feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi, unamlaumu fundi bure.

Bodi lazima iendane na soketi ya prosesa (pale inapokaa kwenye bodi), 5600G ni AM4, 12100 ni LGA1700, na ukinunua bodi ya AM4 ya zamani kama B450 iliyokaa stoo, uliza kama BIOS imeshaapdetiwa kwa ajili ya familia ya 5000, la sivyo haiwaki. RAM angalia bodi inataka DDR4 au DDR5, haziingiliani, kinafasi cha kukata kiko sehemu tofauti. Na kama unategemea grafiksi ya ndani, nunua mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, maana ile grafiksi inaazima RAM, zikiwa mbili njia inakuwa mara mbili na gemu utaiona tofauti. Bei ya RAM kuanzia mwishoni mwa 2025 imepanda sana dunia nzima, viwanda vimeelekeza nguvu kwenye mitambo ya AI, so usishangae RAM ikikutoa jasho kuliko prosesa.

Usibane hela kwenye pawa saplai. Yenye nembo ya 80 Plus Bronze, Wati 450 mpaka 550, kutoka kampuni inayojulikana. Zile zinazokuja bure ndani ya kesi, zimeandikwa Wati 500 na ukiinyanyua ni nyepesi kama maboksi ya viberiti, itoe, iweke stoo. Kesi yenyewe chagua yenye matundu mbele, sio kioo kitupu na taa za rangi, Dar na Mombasa joto unalijua.

Siku ya kuunganisha tafuta meza na mwanga, na bisibisi ya nyota yenye sumaku. Usianze kwa kufunga bodi kwenye kesi. Iweke juu ya boksi lake la kadibodi. Inua kishikio cha soketi, tafuta kipembetatu kidogo kwenye kona ya prosesa na mwenzake kwenye soketi, vilingane, alafu iachie iingie yenyewe, usikandamize hata kidogo. Juu yake inakaa feni, na kama ile iliyokuja kwenye boksi la prosesa ina pesti chini yake, usiongeze nyingine. Kama haina, weka tone dogo katikati. RAM mbili kwenye bodi ya nafasi nne zinaingia ya 2 na ya 4 kuhesabu kutoka kwenye prosesa, na hapo unabonyeza kwa nguvu mpaka usikie "klik", watu wengi wanaogopa wanaiacha nusu. SSD ya NVMe inaingia kwa kuinama, unailaza, unafunga kamsumari kake kadogo, kasipotee maana kukapata tena ni kazi.

Chomeka waya mkubwa wa pini 24, na ule wa pini 8 juu kushoto wa prosesa, huu wa pili ndio unaosahaulika kuliko yote. Chomeka waya wa feni ya prosesa. HDMI kwenye bodi. Sasa gusisha ncha ya bisibisi kwenye pini mbili zilizoandikwa PWR_SW, sekunde moja tu, mashine itawaka ikiwa hapo hapo juu ya boksi. Ukiona ukurasa wa BIOS una uhakika kila kitu ni kizima, zima, ndio uanze kuingiza kwenye kesi. Ukikuta tatizo hapa unarudi dukani mchana huohuo, tofauti na mtu aliyeshafunga misumari yote.

Kwenye kesi hakikisha vile vinati vya shaba vimekaa kwenye kila tundu la bodi na hakuna cha ziada kinachogusa mgongo wa bodi, cha ziada kinapiga shoti. Bati la nyuma la matundu liweke kwanza kama halijaungana na bodi. Zile waya nyembamba za swichi na taa za mbele zisome kwenye kijitabu, usikisie. Na kama una grafiksi kadi, waya wa monita unaenda kwenye kadi, sio kwenye bodi, nimeona watu wana kadi ya maana wanacheza gemu kwa grafiksi ya ndani miezi mizima.

Mwisho ingia BIOS uwashe mpangilio unaoitwa XMP au DOCP ili RAM iende kwenye spidi iliyoandikwa, alafu piga Windows kwa flashi ya kuanzia GB 8, programu ya kuitengeneza inapatikana bure kwa Microsoft. Leseni ya Windows iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, desktopu ya kuunda haiji nayo, wakati used za ofisi nyingi leseni imekaa kwenye BIOS na inajiwasha yenyewe.

Njia ya katikati

Kuna watu wako kati, hawana hela ya kuunda na hawataki kufungwa na olinwani. Hawa nawapeleka kwenye CPU used za ofisi, Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M720, zote kizazi cha 8, unaweka na monita yoyote used ya inchi 22 au 24. Kariakoo zimejaa, Nairobi pale Moi Avenue na Luthuli nako hivyohivyo, na kwa hela ileile ya olinwani mara nyingi unapata prosesa isiyo na T na RAM zaidi.

Chukua kasha la saizi ya kati au kubwa kama unafikiria kuongeza kadi baadae, lile jembamba linataka kadi fupi tu, na pawa saplai yake ni kama Wati 180 mpaka 260, so utatafuta kadi zisizotaka waya wa ziada wa umeme kama GTX 1650 ya Wati 75 au RTX 3050 ya GB 6 ya Wati 70. Na usije ukadhani ni sawa na ya kuunda, pawa saplai na bodi za hizi Dell na HP zina pini zao wenyewe, ya kawaida ya pini 24 haiingii mpaka utafute kebo ya kubadilishia.

Kingine kidogo, nyingi ya hizi hazina HDMI nyuma, zina DisplayPort mbili, na monita yako ya used ina HDMI au VGA. Muulize muuzaji kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI wakati bado mnapatana bei, mara nyingi anakuongezea bure, ukishalipa ukageuka inakuwa bidhaa.